Kitunguu Saumu Kabla ya Usaili

Jumanne, 12 Novemba

Wamepiga simu kutoka mji wa Alba. Nimeitwa kwenye usaili! Jumatatu asubuhi, katika kampuni kubwa ya mvinyo. Nafasi ya mwonjaji msaidizi. Nitanusa na kuonja mbele ya jopo, kisha nitapendekeza vyakula vinavyoufaa kila mvinyo. Ndiyo kazi niliyoisomea shahada.

Nyumbani sijamwambia mtu. Baba anaamini kwamba mwakani nitalishika ghala letu la mvinyo wa Barbera. Wateja wakimpigia simu huwaambia wazungumze nami, Clelia.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimejizoeza jikoni, nikiwa nimesimama wima, glasi mkononi. Mvinyo wa Nebbiolo: ukakasi mwingi, unahitaji nyama iliyopikwa polepole au jibini lililokomaa. Ukiunywa na dagaa wa chumvi, utadhani unalamba msumari. Barbera: ukakasi mdogo, uchachu mwingi unaokata mafuta, kwa hiyo soseji, tambi zilizojazwa nyama, na zaidi ya vyote bagna cauda, ule mchuzi wa moto wa kuchovya mboga.

Bibi Delfina aliingia nikiwa katikati ya hotuba. Akauliza ni nani humu jikoni ninayemwita "mheshimiwa". Nilisema ninafanya mazoezi ya sauti. Akaitazama glasi, akanitazama mimi, akaanza kumenya viazi.

Kisha akatangaza: Jumapili mchana tunafungua pipa jipya, na bagna cauda itapikwa kama kila mwaka. Jumapili! Mafuta ya zeituni, dagaa wa chumvi, na kichwa kizima cha kitunguu saumu kwa kila mlaji. Harufu yake hukaa mwilini siku mbili. Pua yangu mwenyewe haitanusa kitu kingine — na jopo litaninusa mimi kabla ya mvinyo.

Jumamosi, 16 Novemba

Nilijaribu kudokeza kwamba tumbo linanisumbua. Kosa kubwa. Baba mdogo Remo alicheka hadi akakohoa. Alikumbusha kwamba mwaka juzi binamu yangu Amedeo naye aliumwa tumbo siku ya pipa jipya, akala mkate mtupu. Kufika Krismasi alikuwa jijini Torino, dereva wa tramu.

"Au nawe, msomi wetu, umeshakata tiketi?"

Baba hakucheka. Aliniuliza kwa upole kama nitakula kesho. Nikajibu kwamba bila shaka nitakula.

Ndivyo ilivyo kwetu: asiyechovya chunguni siku hiyo ameshaondoka, hata kama viatu vyake bado viko mlangoni. Nisipokula, Baba atajua mezani, mbele ya watu. Nikila, ajira imekwenda. Nimetafuta njia ya tatu. Sijaiona.

Jumapili, 17 Novemba

Nimekula.

Chungu kiliwekwa katikati ya meza, juu ya jiko lake dogo la makaa. Nilichovya pilipili hoho ya kuchoma, nikafumba macho, nikatia kinywani. Laini. Tamu kidogo. Ule ukali wa kuchoma pua haukuwapo.

Maziwa! Kitunguu saumu kilichemshwa kwanza kwenye maziwa ili harufu ife. Bibi, ambaye miaka yote husema maziwa ni ya watu wa Torino wanaoogopa pumzi zao wenyewe!

Remo alilalamika kwamba mwaka huu kitunguu saumu ni cha watoto wachanga. Baba alionja mara ya pili, akaweka mkate chini.

"Mama, umetia maziwa?"

"Nimetia."

"Kwa ajili ya nani?"

"Kula, Ottavio. Inapoa."

Bibi akachovya jani la kabichi, akaliweka kwenye sahani yangu, bila kunitazama.

Baba akachukua chupa. Siku ya pipa jipya humimina mwenyewe: mama yake kwanza, kisha nduguye, mimi mwishoni. Leo alinimiminia mimi kwanza, kama anavyowafanyia wageni. Barbera ilikuwa nzuri mno — chachu, changa, ilisafisha mafuta yote ulimini. Nilitaka kumwambia. Badala yake niliimaliza glasi.

Nimepanda chumbani. Nimepiga mswaki. Harufu ipo, hafifu, huenda isinizuie. Suti nimeitundika dirishani ipate hewa.

Hatua kwenye ngazi. Si Bibi, magoti yake hayapandi huku. Zimefika mlangoni kwangu, zimesimama.

Baba hajabisha.