Karatasi ya Karanga

Madam Anna mpenzi,

Baridi ya huko inasemaje? Huku Kariakoo nilikokuja likizo, joto limenigandisha gauni mgongoni.

Leo nimenunua karanga kwa mama mmoja pale Msimbazi, akanifungia kwenye karatasi ya daftari. Zilipokwisha nikaikunjua. Ilikuwa insha ya mtoto kuhusu bibi yake, na chini mwalimu kaandika kwa wino mwekundu: “Umeendelea vizuri. Itunze hii.”

Nikamuuliza mama karatasi anazitoa wapi.

“Walimu wenyewe wanatuletea, mwanangu, shule zikifungwa.”

Na mimi ni mmoja wao. Yale mafaili ya darasa la tano, tuliyowaambia watoto wakusanyie kazi zao tuone walivyokua mwaka mzima, nilipomaliza kujaza alama nilimpa mama wa maandazi pale getini. Yote. Neema aliniomba lake akamwonyeshe baba yake, nikamwambia aje kesho. Akaja kesho, akaja na kesho kutwa.

Nimemnunulia faili jipya, lina zipu. Ukimwona kanisani msalimie tu, habari ya faili lake la zamani niachie nimwambie mwenyewe.

Jifunike vizuri, rafiki yangu. Karanga zako nimezitia kwenye kopo.

Grace