Makala ya Mwisho ya Ognyan

Plovdiv, 9 Machi

Wifi yangu Zdravka,

Jana tulichemsha ngano ya kugawia watu kwenye arobaini ya kaka yako. Mhariri wake alikuja, akaomba makala ya mwisho ya sayansi, ile ya betri. Unajua Ognyan hakupeleka kitu gazetini kabla ya kunisomea jikoni. Nikikunja uso, alikuwa akiandika upya. Hii hakuwahi kunisomea, basi nikaisoma mwenyewe kwanza, nikakataa kumpa mhariri.

"Shemeji, tupe tu. Nani atagundua?"

"Mimi. Aya ya tatu siielewi."

"Marehemu alisema wewe mkali kunishinda!"

Tukampigia mtaalamu aliyehojiwa. Kumbe kwenye muda wa kuchaji Ognyan aliandika siku badala ya saa. Maskini, alikuwa amechoka sana. Tumerekebisha, itatoka Jumapili kwa jina lake.

Ukimwashia mshumaa, nami unikumbuke.

Wifi yako,
Raina