Mbuzi wa Siku Moja

Kiwanjani,
Isiolo.
14 Juni 1985

Mdogo wangu mpendwa Tache,

Asalaam aleikum. Kabla ya yote nataka kujua kifua chako kinaendeleaje, maana Nairobi ni baridi mwezi huu na kazi yako ya ulinzi ni ya kusimama nje. Sisi tu wazima. Sikio moja la Mama limekuwa zito, lakini akisomewa barua yako husikia kila neno. Mvua ilinyesha Aprili, na majani yameota hadi kando ya barabara ya Ngaremara.

Umeniuliza mara mbili habari za mbuzi wako, na mara mbili nimekujibu kuhusu mvua. Leo nitajibu, lakini niruhusu nianzie mbali.

Unamkumbuka Guleid, niliyemfundisha darasa la sita? Alikuwa meneja wa mradi wa kuwagawia mbuzi wajane waliopoteza mifugo katika ukame wa mwaka jana. Fedha zilitoka ng'ambo. Ofisi ilipata magari mawili mapya, mapazia na friji; wajane walipata fomu za kutia kidole. Mbuzi hawakununuliwa. Kisha habari zikaja kwamba wafadhili wanataka kuwaona mbuzi hao kwa macho yao.

Guleid alikuja nyumbani, akakataa kiti, akaketi mkekani. Aliniambia, Mwalimu, wageni wasipoona mbuzi, hata mahindi ya msaada yatakatwa. Aliomba mbuzi wa kuazima kwa siku moja tu. Nilijua kuwa ni uongo. Lakini aliniita Mwalimu mbele ya Mama, nikalainika.

Siku wageni walipokuja, asubuhi mbuzi walionyeshwa Ngaremara, wakapakiwa kwenye lori, na alasiri wakaonyeshwa Burat. Bibi Tiya, ambaye unaujua mdomo wake, aliuliza kwa sauti kama wazungu hawa wana macho au wana kamera tu, kwa sababu yule mbuzi mwenye sikio lililochanika alimtafunia shuka asubuhi hiyo hiyo alipokuwa akiuza maziwa Ngaremara. Mkalimani aliwaambia wageni kwamba mama huyu anashukuru sana. Wakapiga makofi.

Kisha wajane sita wakapewa kamba mkononi, kila mmoja na mbuzi wake, nami nikaombwa nitoe dua ili picha zipigwe. Qabale, aliyezika watoto wawili mwaka jana, alishika kamba kwa mikono yote miwili, machozi yakimtoka bila sauti. Nilipomwona nilisahau kwamba yalikuwa maonyesho. Nikaomba kwa moyo wangu wote. Nilisema mbuzi hawa ni wenu, na watakaozaliwa ni wenu. Wazee wakaitikia amina.

Wageni walipoondoka, lori likaja kuwachukua mbuzi. Wajane hawakuachia kamba. Mzee Gollo aliniuliza mbele ya watu kama dua yangu nayo ilikuwa ya kuazima. Huhitaji nikueleze, Tache: mnyama aliyetolewa kwa dua ya mzee, na wazee wakaitikia, kwetu harudishwi. Nilimwambia dereva aende zake.

Mbuzi hao walikuwa wako. Sita kati ya tisa. Ulisema wakifika thelathini utaacha kazi hiyo na kurudi nyumbani. Nimekuongezea miaka ya kuwa mbali nasi, bila kukuuliza, mimi niliyekulea. Guleid aliahidi kulipa thamani ya mbuzi hao. Ofisi ilifungwa mwezi uliopita, na nimeambiwa ripoti inasema mbuzi sitini waligawiwa.

Kila Ijumaa Qabale humletea Mama maziwa, na kabla ya kuondoka huwaombea wale wageni wa ng'ambo. Mimi huitikia amina, nikijua si wao waliotoa mbuzi. Ukiwataka mbuzi wako, niandikie. Nitakwenda Burat nikiri uongo wangu mbele ya Gollo na watu wote, niziombe kamba zile. Ukiwaachia, niandikie pia, ili nimwambie Qabale amwombee nani.

Mama anakusalimu, na anasema uvae sweta.

Mimi kaka yako niliyekukosea,
Jaldesa Dullo