Nusu ya Vidonge

Jumatatu, 3 Machi
Namshukuru Mungu tumeamka. Mdogo wangu kapita kumeza dawa zake kabla ya kwenda kufungua saluni. Vidonge vinne vya kifua kikuu, kikombe cha maji, mimi shahidi – ndivyo nesi alivyotupangia. Mwanzoni nilikuwa namwambia afungue mdomo nione. Nimeacha. Mtu ana ndevu zake! Mwenyewe alinitania, "Dada, unataka kuhesabu na meno?" Tukacheka. Lakini suruali inamning'inia. Si walisema atanenepa?

Ijumaa, 7 Machi
Zahanati, nesi kanivuta pembeni. Makohozi ya mdogo wangu bado yana vidudu. "Mama, unamwona kwa macho yako akimeza?" Nikasema naam. Akasema dawa ikimezwa nusunusu vidudu huizoea, vikawa sugu, na hapo zahanati haina la kufanya – mpaka hospitali kuu, na huko kupata nafasi ni bahati. Nimerudi nikisali njia nzima. Sala yenyewe inakatikakatika.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya ibada nimepita kwa mdogo wangu. Wifi kanikaribisha vizuri. Mtoto wao, kipenzi changu, alikuwa kwenye poti. Nikasema nitamwaga mimi, shangazi si mgeni.
Ee Mungu wangu! Mkojo rangi ya chungwa bivu. Ni rangi ya zile dawa. Nesi alituonya mapema, mkojo wa mgonjwa utageuka hivyo, tusishtuke. Wa mgonjwa! Si wa mtoto wa miaka mitatu.
Wifi kaniona nimeganda. Hakukataa. Mtoto alianza kukohoa, wakampeleka, wakaambiwa dawa za watoto zimeisha, warudi mwezi ujao. Wakarudi – hamna. Basi baba mtu anaficha vidonge viwili shavuni, anamletea mwanawe. Vinasagwa kwa kijiko, vinatiwa sukari. "Ungekuwa wewe, wifi, ungekaa tu unamtazama? Na kikohozi kimepungua, ona anavyoruka!"
Kweli anaruka. Nimeosha poti tu.

Jumanne, 11 Machi
Leo mdogo wangu kakohoa mbele yangu, kitambaa kikawa na damu. Nikamwambia najua yote. Akakunja kitambaa. Kisha: "Dada, mimi nimeshaishi." Kijana wa juzi tu huyu, mimi ndiye niliyembeba mgongoni! Nikamfokea – hivyo vidudu sugu utampa nani kama si huyo huyo unayemwokoa? Akasema nikimwambia nesi, mtoto atakosa hata hiyo nusu. "Na dawa zake zinakuja lini, muulize huyo Mungu wako."
Kaenda kazini. Kuinamia vichwa vya watu, na pumzi ile!

Alhamisi, 13 Machi
Nesi kaja kwangu, kataka familia yote. Wifi kamdaka kabla hajakaa: sisi wazima, dawa anameza zote, muulize dada yake. Dawa za watoto? Nesi kasema bado, wala hajui lini. Kisha kanigeukia mimi.
Nikasema ngoja nilete sabuni unawe. Nimo chumbani, naandika wima. Nimeomba neno, sijapewa. Mtoto yuko mapajani kwa nesi, anacheka. Mdogo wangu kakohoa uani – kicheko kimekatika.
Nesi ananiita. Wifi kasimama mlangoni mwa chumba, kashika miimo yote miwili. Nimemwambia nipishe, wifi yangu.
Hanipishi.