Kilemba cha Mwenyekiti

Mdogo wangu mpendwa,

Picha ya mtoto imefika. Masikio yale ni ya baba mtupu! Huku jino limeacha kunisumbua, ila paa la kanisa bado linavuja palepale juu ya kwaya. Shemeji yako anakusalimu. Hajabadilika, basi tuyaache.

Jumanne tulimzika yule binti fundi cherehani wa umoja wetu wa wanawake. Mumewe anasema aliteleza bafuni. Mimi kama mwenyekiti ndiye niliyeongoza kumwosha. Tulimkuta bado na kilemba chake, amekifunga kama ninavyofunga changu, kimeshuka upande mmoja hadi shavuni. Wengi wananiiga, wanadhani ni mtindo. Nilipokifungua, nikaona kile ninachokiona kwenye kioo changu mwaka wa kumi na moja sasa.

Mama yake akaniambia, wala hakuwa na hasira, "Nilimsihi arudi nyumbani. Akanijibu, mama mwenyekiti yanamkuta hayahaya na bado anaimba. Mimi ni nani nishindwe?"

Kumbe alijua. Miaka yote hiyo nawafundisha Biblia, na somo alilolishika ni hilo.

Jumapili ni zamu yangu kuhubiri. Shavu bado limevimba tangu juzi, na vilemba vyote nimevifungia kabatini. Nitasimama mbele yao hivihivi.

Nikishuka madhabahuni nakuja kwako. Nitandikie kitanda. Shemeji yako akipiga simu, hujui niliko.

Ni mimi dada yako