Sukari Imeshuka, Mafuta Yamepanda

Ntobeye, Ngara
8 Januari 2024

Mwanangu Ntwari,

Tumsifu Yesu Kristo. Hamjambo huko Biharamulo? Priscila na wajukuu wangu wanaendeleaje? Mimi mzima, ila goti la kushoto linanisumbua mvua ikinyesha, na mwaka huu mvua hainyamazi. Ng'ombe amezaa jike.

Nakuandikia kwa sababu haya siwezi kuyasema kwenye simu. Mtandao hapa unashika mlimani pale shuleni tu, na pale kila mtu anasikia shida za mwenzake.

Ntwari, nimekukosea nini? Ulikuja Krismasi, nikakupikia ndizi, maharage na nyama unavyopenda tangu utoto, ukaokota nyama tu kwenye sahani, ndizi ukamsogezea mwanao Ishimwe. Kesho yake nikasonga ugali wa muhogo, hukuugusa. Baba yako mkubwa Thobias alikuwa anakutazama. Ulipoondoka akaniuliza, "Auleria, huyu mtoto anaogopa chakula cha nyumbani kwake?" Unajua kwetu mtu akikataa chakula watu wanawaza sumu. Na ukoo wetu umeshaumwa na neno hilo.

Tena umekonda. Majirani wanasema yao. Kama unaumwa, niambie sasa. Nilishamzika mume bila kuambiwa kitu na mtu yeyote.

Mama yako,
Auleria


Biharamulo Mjini
2 Februari 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Sisi huku hatujambo. Ishimwe ameanza darasa la tatu, anakusalimia sana na anauliza ndama amepewa jina gani. Pole na goti.

Mama, hukunikosea lolote. Nilikosa namna ya kukuambia. Tangu mwaka jana katikati nilikuwa nasikia kiu isiyoisha, na kila nikiwa juu ya paa nagonga misumari ilibidi nishuke kwenda haja ndogo. Wenzangu wakawa wananicheka. Nikapima, nikaambiwa nina sukari. Ndiyo, ile ya kudumu.

Niliogopa kukuambia kwa sababu baba aliondoka akiwa na umri unaokaribia wangu. Nilijua ungelala macho wazi.

Kilichonisaidia ni rafiki yangu Yahaya, yule muuza vitambaa mwenye asili ya Tanga. Naye ana sukari. Yeye aliacha wanga: ugali, wali, ndizi, muhogo, viazi, chapati, soda. Anakula nyama, mayai, samaki, mboga na mafuta. Akaniingiza kwenye kundi lao la simu. Nimefuata, mama, na nakuambia ukweli, sukari imeshuka mpaka muuguzi akanipigia makofi. Kitambi kimekwisha. Napanda ngazi na mbao begani bila kuhema. Kwa hiyo kukonda kule si ugonjwa, ni kupona.

Mwambie baba mkubwa chakula chako sikiogopi. Ndizi zako nazipenda mpaka leo, ndiyo maana sikuthubutu kuonja hata moja.

Mwanao,
Ntwari


Ntobeye, Ngara
25 Februari 2024

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, nashukuru. Barua yako nimeisoma mara mbili, halafu nikaenda kanisani kabla ya siku yake.

Hasira imekwisha. Kama ndizi zinakudhuru, basi zibaki shambani. Mimi ni mama yako, mgomba si mama yako. Dereva wa lori la maharage anakuletea dumu la samli. Ni maziwa ya ng'ombe wetu, nimeyasukasuka mwenyewe mpaka mkono ukafa ganzi. Kama chakula chako ni nyama na mafuta, basi ule mafuta ya nyumbani, usinunue ya dukani yasiyo na mwenyewe. Likiisha sema, nitatuma jingine.

Ndama anaitwa Neema. Mwambie Ishimwe.

Mama yako,
Auleria


Biharamulo Mjini
11 Agosti 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na dada yangu Suzan na watoto wake huko Bukiriro hawajambo. Nisamehe kwa ukimya. Nilikuwa napaua jengo refu, na baada ya hapo nilikuwa nasubiri niwe na la kukuambia lililokamilika. Bado halijakamilika ila siwezi kungoja zaidi.

Wiki iliyopita kliniki ilikuwa na daktari mgeni, mama mmoja mpole. Aliangalia sukari yangu akafurahi. Halafu akasema, "Tupime na kolesteroli." Ndiyo mafuta yanayotembea kwenye damu. Majibu yalipotoka akavua miwani.

Alinieleza polepole. Anasema mafuta ya damu si ya aina moja. Kuacha wanga kumenishushia aina moja inayopandishwa na sukari, na ile aina nzuri inayosafisha imeongezeka kidogo. Lakini ile mbaya, inayogandamana kwenye mishipa ya moyo, imepanda sana. Nikamwambia, "Daktari, rafiki yangu anakula kama mimi, naye alipimwa hapahapa, mafuta yake hayana neno." Akajibu, "Miili haifanani. Wengi wakiacha wanga kolesteroli mbaya haibadiliki sana, au inapanda kidogo. Wachache inaruka. Unakula mafuta gani?" Nikamwambia samli, nyama yenye mafuta, ngozi ya kuku, mayai ya kukaanga kila asubuhi.

Nilimtaja Yahaya kwa uchungu, mama. Tunakula meza moja, yeye mzima, mimi hivi.

Kisha daktari akauliza swali jingine: "Kwenu kuna aliyekufa ghafla akiwa bado kijana?" Nikasema baba. Akauliza alikufaje. Nikamwambia sijui. Nilikuwa mdogo, niliambiwa alilishwa kitu. Naomba uniambie ulichokiona kwa macho yako, usiniambie walichosema watu.

Mwanao,
Ntwari


Ntobeye, Ngara
24 Agosti 2024

Mwanangu Ntwari,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mimi si mgonjwa, ila barua yako iliniketisha chini.

Nilichokiona ni hiki. Baba yako Philbert aliamka mzima. Kwa siku kadhaa alikuwa anasema bega la kushoto linavuta, tukadhani ni jembe. Alikuwa na miaka arobaini na miwili. Asubuhi hiyo alitoka kwa Ndikuriyo, jirani yetu wa upande wa chini, alikoenda kumsaidia kukamua ndizi za pombe, na walikunywa pamoja kidogo. Akarudi, akapandisha mlima na mkungu begani. Nikamwona anautua taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Jasho linamtiririka na asubuhi ile ilikuwa ya ukungu. Akaweka mkono kifuani, akasema, "Auleria, kuna mtu kanikalia hapa." Hakusema tena.

Miaka miwili kabla yake baba yako mdogo Fideli alikuwa ameanguka na kufa vilevile, kwenye harusi Mugoma, akicheza ngoma. Hapo hapakuwa na Ndikuriyo. Nilimkumbusha Thobias hilo. Akaniambia mjane hana neno kwenye kikao cha ukoo. Wakakaa, wakasema Ndikuriyo ndiye. Hawakumpiga, lakini tangu siku hiyo hakuna wa kwetu anayemsalimu, na njia yake ya kwenda kisimani ilizibwa kwa miiba. Mkewe alipokufa walikwenda kumzika watu wachache tu, mimi nikiwa nimesimama huku juu natazama.

Mambo haya niliyabeba peke yangu muda mrefu. Mwambie daktari yote. Na ile samli, mwanangu, imwage. Usinionee huruma.

Mama yako,
Auleria


Biharamulo Mjini
15 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Tuko wazima.

Nilimwambia daktari. Akasema hawezi kuapa juu ya mtu ambaye hakumpima, lakini jinsi baba na Fideli walivyokwenda, inafanana na moyo, na inawezekana mafuta haya ni ya kurithi. Anataka Suzan apimwe, na watoto pia. Mimi kanipa vidonge vya kumeza kila siku.

Sijavimeza. Niliuliza kwenye kundi, kiongozi wetu akasema kolesteroli haijawahi kuua mtu, madaktari wanauza dawa tu, na nikirudi nyuma sukari itanirudia. Mama, mimi nilikuwa mtu wa kukojoa kila saa na kulala mchana. Chakula hiki kilinirudishia mwili wangu. Sasa naambiwa hichohicho kinaniua? Nimechoka kuogopa. Vidonge viko kabatini. Acha kwanza nifikiri.

Ntwari


Ntobeye, Ngara
22 Septemba 2024

Ntwari,

Hujasaini kama mwanangu safari hii, nimeona.

Huyo kiongozi wa kundi hakuwepo nilipokuwa nafuta jasho kwenye uso wa baba yako. Mimi nilikuwepo.

Jumatano napanda basi. Mwambie Priscila asihangaike na kitanda. Tutakwenda kwa huyo daktari mimi na wewe, na nina swali langu la kumuuliza.

Mama yako


Biharamulo Mjini
19 Januari 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama, shikamoo tena. Goti linaendeleaje baada ya safari zile? Priscila anasema nyumba imekuwa kimya tangu uondoke, na Ishimwe amekataa mtu mwingine kumsuka.

Bado nasikia sauti yako ulivyomuuliza daktari bila hata kukaa: "Dawa hii mume wangu angepewa, angeishi?" Naye akasema, "Siwezi kukuapia, mama. Lakini angepata nafasi ambayo hakuipata." Ukanigeukia. Nilimeza cha kwanza jioni ileile, ukiwa umeshika kikombe cha maji.

Sasa sikia. Nimepimwa juzi. Ile kolesteroli mbaya imeshuka zaidi ya nusu. Bado haijafika anapotaka, lakini daktari alitabasamu mpaka nikaona pengo lake. Na sukari? Haikurudi! Hilo ndilo nililoliogopa kuliko yote. Kumbe sikulazimika kurudi kwenye sahani ya ugali iliyojaa. Wanga nimeuweka mdogo vilevile, kilichobadilika ni mafuta. Samli na mafuta ya nyama nimeacha. Nakula dagaa, samaki wa ziwani, kuku asiye na ngozi, parachichi, karanga, mchicha bakuli zima, na maharage kwa kipimo. Daktari anasema maharage yana wanga wake, lakini yanapanda taratibu na yanasaidia kukokota mafuta nje. Siku ya Krismasi alinipa ruhusa ya ndizi mbili za kupika. Nilizila nikiwa nimefumba macho, Priscila akacheka mpaka akalia.

Yahaya hakunikasirikia. Ameandika kwenye kundi kwamba kila mtu apime mafuta kabla ya kufuata na baada ya miezi michache, asiige mwili wa mwenzake. Kiongozi akamtoa kundini. Yahaya akasema, "Basi, nimepata nafasi kwenye simu." Ndiye anayenikumbusha vidonge nikisahau.

Ishimwe na nduguze wamepimwa, wako salama. Suzan je? Hapokei simu zangu.

Mwanao anayekupenda,
Ntwari


Ntobeye, Ngara
23 Machi 2025

Mwanangu Ntwari,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima, goti limenizoea. Neema amekuwa ng'ombe mtundu.

Suzan alikuwa anaogopa, ndiyo maana hakupokea. Nilikwenda Bukiriro nikamtoa jikoni, tukaenda pamoja. Naye anayo, mafuta kama yako, wala hajawahi kuacha ugali hata siku moja, na mwili wake ni mwembamba kama fimbo. Alilia kidogo, halafu akauliza, "Vidonge ni vya kutafuna au kumeza?" Ameanza. Nashukuru Mungu imejulikana akiwa anacheka bado.

Tulipotoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa Thobias. Nilimweleza yote: wewe, Suzan, maneno ya daktari. Akasema, "Daktari hakumwona Philbert." Nikamjibu, "Wewe pia hukumwona. Mimi nilimwona." Akainuka kwenda kufungia kuku. Sikumsukuma. Nikaenda nyumbani.

Jumapili baada ya sala ya jumuiya, watu wakiwa bado wameketi, akasimama. Unamjua alivyo, maneno yake hutoka kama jino. Akasema, "Damu ya ukoo wetu ina ugonjwa wake. Ndugu zangu hawakulishwa kitu. Tulimbebesha Ndikuriyo kifo ambacho hakikuwa chake." Kisha akachukua panga, akaenda kuiondoa ile miiba ya njia mwenyewe, mzee yule, hataki kusaidiwa. Vijana wakamfuata, akawafukuza.

Nilishuka hadi kwa Ndikuriyo. Sikuwa nimekanyaga uwanja wake miaka yote hiyo. Macho yake yamefifia, ilibidi nijitaje. Nilimwambia kilichosemwa. Aliitikia kwa kichwa tu. Nikafikiri atasema juu ya mkewe, juu ya mazishi yale, na nilikuwa tayari kusikia. Alisema, "Philbert alikuwa rafiki yangu. Sikuruhusiwa kumlilia." Tukamlilia pale, wawili, wazee tusio na haya.

Nilipoaga akaniuliza habari zako. Nikamwambia unapanda mapaa, una mke na watoto. Akasema alikubeba mgongoni ulipokuwa hujajua kutembea, ukamkojolea shati la kanisani. Anataka kukusikia sauti.

Basi Pasaka njooni wote. Mkishuka kwenye gari msinyooke kwangu. Piteni kwanza kwa Ndikuriyo, pigeni hodi, mpeni shikamoo yake. Mimi nitawasubiri huku juu.

Mama yako,
Auleria