Vitone Tumboni mwa Mama Yako

Mjukuu wangu Zuhura, salaam aleikum. Huku kijijini Quiterajo tu wazima. Babu yako anagombana na ngedere shambani.

Umeuliza kuhusu vitone vyeusi tumboni mwa mama yako. Alipokuwa na miaka saba alitolewa figo lenye saratani huko Dar, kisha ikafuata tiba ya mionzi. Wahudumu walipotaka kumtia vitone hivyo, alama za wino wa sindano zisizofutika, nilikataa.

Mtaalamu akanieleza, "Mama, zinatuongoza tulenge mionzi palepale, tulikinge figo lililobaki na kizazi."

Bado nikasita. Mama yako akasema, "Waache, Mama, wasije wakakosea."

Akaingia peke yake, akalala bila kutikisika. Niliyetetemeka ni mimi, mtu mzima, nje ya mlango.

Figo lile linamtosha hadi leo, na kizazi kile ndicho kilichokubeba wewe.

Bibi yako akupendaye, Mwanashaa